Mtu wa Sensa

Ishbel wa maktaba ya Lochee alinipa kitabu
bila kukigonga muhuri. "Chukua tu," akasema,
"hiki hurudi chenyewe kikitaka."
Mwandishi ni Mjapani, yu hai, wala si mzee;
pichani, nyuma ya jalada, amefumba macho
kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi.

Mimi huosha mabasi usiku, hapa Dundee,
mji ulioshona magunia ya nusu ya dunia
na siku hizi hushona ukungu.
Nikimaliza la tano nakaa siti ya nyuma,
ndoo miguuni, nasoma. Halafu nampigia Mama.
Kwangu saa nane, kwake kumi na moja alfajiri.

"Paukwa," nasema.
"Pakawa," anajibu, Pangani,
na nyuma ya sauti yake nasikia ungo:
anachambua mchele wa vitumbua vya kesho.

Namsimulia. Kuna karani, Bwana Urabe,
mlinzi wa miavuli iliyosahauliwa stesheni.
Kila mmoja una kibandiko, tarehe, jina la treni.
Usiku mmoja anafungua mwavuli mweusi
na mvua inanyesha ndani yake,
chini ya kitambaa tu, kwingine kote kukavu.
Anaingia. Anatokea jikoni kwa watu.
Mwanamke amempa mgongo, anachambua mchele,
anatupa mawe dirishani, na kila jiwe
likigusa ardhi linalia kama simu.

Ungo ukasimama.

"Huyo bwana alivua viatu?"
"Kitabu hakisemi, Mama."
"Hakuvua. Juzi kanichafulia sakafu.
Nikamwambia karibu, akainama,
nikamwambia keti, akainama tena.
Nikadhani ni mtu wa sensa."

Nilicheka mpaka ndoo ikapinduka.
Kisha nikafunua ukurasa wa tisini na moja:
Bwana Urabe amerudi ofisini alfajiri,
soksini mwake mna punje moja ya mchele,
na anamwambia mwenzake, kwa haya kidogo,
kwamba yule mwanamke alimwita Sensa.
Analirudia. Analipenda. Anadhani ni jina.

Jalada linajigamba kwa herufi za dhahabu
kuwa mwandishi huyu amebomoa ukuta
uliosimama kati ya kweli na ndoto.
Nikamsomea Mama. "Ukuta upi?" akauliza.
"Sisi twasema hadithi njoo, uwongo njoo.
Twamwita kwa jina lake, twampa kigoda,
akishakaa hatumuulizi pasipoti."

(Mimi niliulizwa. Mara tatu, uwanja wa ndege,
na mara ya tatu nilianza kujitilia shaka.)

Jana, chini ya siti ya kumi na nne,
nimeokota mwavuli. Mweusi. Umelowa chepechepe,
na Dundee haijanyesha tangu Jumapili,
jambo ambalo peke yake ni hadithi.
Sikuufungua. Sitajifanya shujaa, niliogopa.
Nikampelekea Lorne wa vitu vilivyopotea;
akaandika tarehe, akaandika namba ya basi,
akauliza, kalamu mkononi, "Wa nani?"
Ulimi ukaniteleza kabla sijaushika.
Akaniomba nitaje herufi moja moja.
S, nikasema. E. N.

Zimebaki kurasa kumi na mbili, sizigusi.
Mama amenuna. "Usipomaliza atabaki huku,
na mchele wenyewe ndio huu.
Na yule anayeandika, aliyefumba macho,
umesema ana mke? Hula saa ngapi?
Mtu hawezi kuota hivyo na tumbo lina kitu."

Nikataka kumjibu. Nikasikia adhana kwake,
na kabla adhana haijatulia, tiki,
jiwe dogo likitoka kwenye ungo, dirishani,
na simu niliyoishika, hii hii sikioni,
tukiwa bado tunazungumza,
ikaanza kulia.